Pima Simu Kabla ya Kununua Pedi ya Gemu

Ndugu mzazi, iwapo mwanao anakuomba pedi ya gemu, ile iibanayo simu kwa pande zote mbili, usikimbilie dukani kabla ya kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, tundu la chaji. Kuanzia toleo la 15, lililotoka mwaka 2023, iPhone hutumia tundu la USB-C kama simu nyingi za Android. Pedi yenye plagi ya Lightning hufaa matoleo ya nyuma tu.

Pili, kipimo. Pedi nyingi hutanuka kiasi cha simu pekee. Tableti ndogo kama iPad mini, yenye kioo cha inchi 8.3, huhitaji pedi itanukayo zaidi, mathalani Razer Kishi Ultra. Aidha, kava nene huweza kuizuia plagi isizame sawasawa.

Tatu, gemu zenyewe. Minecraft huikubali pedi; lakini ziko gemu zisizotii ila kidole juu ya kioo. Basi mwulize kwanza mtoto hucheza zipi, nawe uhakikishe.

Fedha iliyopatikana kwa jasho haistahili kuishia kabatini.