Mafuta ya Karafuu na Fizi za Mtoto



Juma lililopita, baada ya sala ya isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na kichupa cha mafuta ya karafuu. Mwanawe wa miezi minane anaota meno na halali usiku. Mavyaa wake amemwagiza ampake fizini. Muuzaji naye akamwambia amtilie kwenye maziwa, kwani yamepimwa maabara na yanaua vijidudu. "Bi mkubwa, nimpe nisimpe?" Nilishukuru kwamba aliuliza kwanza.

Ni kweli yamepimwa. Wataalamu huotesha vijidudu katika sahani, wakaweka juu yake kikaratasi kilicholowa mafuta, kisha wakangoja hadi kesho yake. Vijidudu visipoota, hubaki duara tupu kukizunguka kikaratasi, nalo hupimwa kwa milimita. Karafuu huacha duara la kuonekana, kwa sababu ya yujenoli, ambayo mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo, yawe ya karafuu yenyewe au ya makonyo kama yanayotengenezwa Pemba. Lakini sahani haina ini wala koo. Dawa ya kung'arishia nguo nayo ingeacha duara, wala hakuna anayeinywa.

Kipimo cha watu ni kingine. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait waliwapaka watu wazima 73 vinywani jeli ya karafuu, jeli ya benzokaini na jeli isiyo na dawa, kisha wakawachoma sindano. Karafuu ilipunguza maumivu karibu sawa na benzokaini. Madaktari wa meno nao huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Basi bibi zetu hawakukosea kuhusu jino la mtu mzima: tone moja kwenye pamba, juu ya jino lenyewe, si kwenye ufizi, kwani huunguza. Tundu hata hivyo halizibiki kwa pamba. Kwa daktari lazima uende.

Mtoto mchanga si mtu mzima mfupi. Vitabu vya utabibu vina habari za watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu, wakashikwa na degedege na ini likaharibika. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na kichupa chenyewe. Karafuu za kwenye pilau hazina neno.

Nilimshauri amsugue mwanawe fizi kwa kidole kisafi, au ampe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi akitafune. Kichupa amekipandisha juu ya kabati. Mavyaa wake, naambiwa, bado hajaridhika.