Rubavu isimsahau mgeni wa kila siku

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, usemi huo umekuwa kama sera ya maendeleo. Mji wa Gisenyi, ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, umeandaliwa kumpokea mgeni. Hoteli zimejipanga kando ya ufukwe, na njia ya watalii ya Congo-Nile, yenye urefu wa kilomita 227, inaanzia huko kuelekea Rusizi. Serikali nayo iliitaja Rubavu kuwa miongoni mwa miji sita itakayoipunguzia Kigali mzigo. Yote hayo ni mambo ya kheri.

Swali ni mwenyeji yupi anayepona. Barabara kuu inayotoka Kigali kupitia Musanze, kabla haijashuka ziwani, inapita Mahoko, kituo cha biashara cha sekta ya Kanama. Mahoko hakuna ufukwe wala hoteli ya kifahari. Kuna soko. Hapo ndipo mkulima wa milimani anapokutana na mchuuzi wa mpakani, na viazi, karoti, vitunguu na kabichi hupakiwa kushuka Gisenyi na kuvuka hadi Goma. Gari la watalii hupita bila kusimama.

Mkazi wa Kanama hapingi utalii, na angekuwa mtu wa ajabu kama angeupinga, maana hoteli hula viazi na maziwa kama walaji wengine. Anachouliza ni jambo dogo lenye uzito mkubwa: mabadiliko yanayozungumzwa katika wilaya yake yanapimwa kwa kipimo cha nani? Yakipimwa kwa idadi ya vyumba vya hoteli, Kanama ni mahali pa kupita tu. Yakipimwa kwa idadi ya watu wanaokula kutokana na biashara ya kila siku, Kanama ni mmoja wa mihimili ya mji.

Wageni wa aina mbili

Rubavu ina wageni wa aina mbili. Wa kwanza huja na begi, hulala siku mbili, hupiga picha machweo ya jua ziwani na kuondoka. Wa pili huvuka mpaka asubuhi na kurudi kwao jioni, kesho akaja tena. Huyu hapigwi picha na hana tangazo la kumkaribisha. Lakini kabla ya janga la korona, makadirio ya watu waliokuwa wakivuka kila siku kwenye kivuko kidogo, maarufu kama Petite Barrière, yalifika 50,000. Hakuna hoteli Afrika Mashariki inayoweza kupokea wageni wa idadi hiyo kwa siku moja.

Wengi wao ni wanawake wenye mtaji mdogo. Mtaji huo ni wa mzunguko: unanunua mzigo alfajiri, unauzwa Goma mchana, unarudi jioni na kununua chakula cha watoto na mzigo wa kesho. Mtu wa mtaji wa aina hiyo hana akiba ya kungoja. Mpaka ukifungwa siku tatu, hapotezi faida ya siku tatu peke yake. Anakula mtaji wenyewe, na mpaka ukifunguliwa hana cha kuanzia. Karoti zinapoozea Mahoko, mkulima naye hukosa fedha ya mbegu. Hivyo hasara ya kivukoni hupanda mlima hadi shambani.

Miaka ya karibuni imelitoa somo hilo kwa ukali. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na mipaka ya nchi kavu ya Rwanda haikufunguliwa kikamilifu hadi Machi 7, 2022. Zamani mkazi wa Gisenyi au Goma alivuka kwa kitambulisho na jetoni ya siku moja. Baada ya korona, suala la hati ya kusafiria na gharama yake likawa mzigo mpya kwa mtu ambaye faida yake ya siku ni kidogo mno. Juni 2022, baada ya askari wa Congo kuuawa kwa risasi kwenye Petite Barrière, upande wa Congo uliamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri.

Kwa mtalii, mpaka kufungwa saa tisa ni habari ya redioni. Kwa mchuuzi wa Mahoko ni nusu ya soko kukatwa, kwa sababu mwenye familia Goma hununua mboga jioni akitoka kazini. Anayelazimika kurudi mapema huuza kwa bei ya kutupa, au hukopesha mzigo kwa mtu asiye na uhakika wa kumwona kesho.

Kisha ikaja Januari 2025. Waasi wa M23 waliingia Goma, na makombora yaliyovuka mpaka yaliua raia Rubavu. Benki za Goma zikafungwa, na ukosefu wa fedha taslimu ukawa tatizo jingine kwa kila anayeuza na kununua. Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Kigali inawaunga mkono waasi hao, Kigali inakanusha. Mchuuzi si jaji wa kesi hiyo. Yeye anajua tu kwamba bei ya kila uamuzi wa wakubwa, wa upande wowote, hulipwa kwanza kivukoni.

Utalii nao uliguswa. Februari mwaka huo mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yalifika Rubavu kama yalivyopangwa, lakini timu ya Ubelgiji ya Soudal Quick-Step ilikuwa imejiondoa kwa hofu ya usalama. Hilo linafundisha jambo. Mgeni wa hoteli akisikia mlio hubadili tiketi na kwenda kwingine, na hakuna wa kumlaumu. Mchuuzi hana kwingine pa kwenda. Mpaka ukifunguliwa tu, yeye ndiye wa kwanza kupanga foleni. Mji wenye busara huweka msingi wake juu ya mtu wa namna hiyo.

Mlima ulipe, mji ule?

Mkazi wa Kanama ana hoja nyingine, nayo ni ya siasa za wilaya. Zamani Kanama ilikuwa komuni yenye ofisi zake na mkuu wake. Mageuzi ya utawala, hasa yale ya 2006 yaliyozaa mikoa na wilaya za sasa, yaliifanya kuwa sekta moja kati ya 12 za Rubavu, na makao ya wilaya yako Gisenyi. Mageuzi hayo yalikuwa na sababu nzuri: wilaya kubwa ina nguvu ya kupanga na kukusanya mapato kuliko komuni ndogo. Lakini macho ya aliyekaa ziwani huangalia ziwa.

Mto Sebeya uliwakumbusha wote kwamba ziwa huanzia mlimani. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa nchi. Watu zaidi ya 130 walikufa, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Sebeya ilifurika na kubomoa nyumba kando ya mkondo wake. Chanzo cha hasira ya mto huo hakikuwa mvua peke yake. Msitu wa Gishwati, ambao zamani ulitanda juu ya milima hiyo, ulikatwa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukabaki kipande kidogo. Mlima usio na miti haushiki maji. Huyasukuma yote bondeni kwa wakati mmoja.

Mabaki ya msitu huo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, iliyofunguliwa kwa watalii Desemba 2020. Hapo utalii na uhai wa wakazi vinakutana: mti unaomvutia mtalii ndio unaomlinda mwenye nyumba bondeni. Rwanda ina utaratibu wa kutenga sehemu ya mapato ya hifadhi za taifa kwa jamii zinazozizunguka, sehemu iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10 mwaka 2017. Kanuni hiyo ni ya haki, na fikra yake ingefaa kusogezwa hadi ziwani. Mji unaovuna kutokana na ufukwe una wajibu kwa milima inayoamua kama maji yatakayofika ufukweni yatakuwa safi au tope.

Siku chache baada ya mafuriko hayo, baraza la wilaya lilimwondoa meya madarakani. Iwe mtu anakubaliana na uamuzi huo au la, ulionyesha kwamba baraza lina meno. Basi mkazi wa Kanama ana haki ya kuuliza: je, meno hayo yatatumika baada ya maafa tu, au pia pale soko linapokosa paa, mtaro na choo, na mpaka unapobadilishiwa saa bila taarifa?

Funzo kutoka mlima mwingine

Jambo hili si la Rubavu peke yake. Huko Marekani, mji wa Aspen katika jimbo la Colorado uliishi kwa madini ya fedha, kisha ukageuka kuwa mji wa matajiri wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Bei ya nyumba ilipanda hadi mpishi, mwalimu na fundi wakashindwa kuishi mahali wanapofanya kazi. Wengi wakahamia miji ya bondeni kama Carbondale na kupanda basi kila siku. Wakazi walipoona mji unabaki na wageni wasio na wenyeji, siasa zao zikahamia kwenye maswali ya kawaida: nyumba za bei nafuu kwa wafanyakazi, mabasi, na nani aruhusiwe kujenga nini. Kwa miongo kadhaa sasa mamlaka ya mji huo zimekuwa na mpango wa nyumba zilizotengwa kwa wafanyakazi.

Gisenyi haina theluji, na tofauti za mifuko ni kubwa. Lakini mwelekeo unafanana. Kila kiwanja cha karibu na maji kinapopata hoteli, mtu wa kipato kidogo husogea juu zaidi, mbali na mpaka unaomlisha, na kila kilomita anayosogea ni nauli inayokatwa kwenye mtaji wake. Aspen ilijifunza baada ya kuchelewa. Rubavu ingali na nafasi ya kupanga mapema.

Kipimo kibadilike

Viongozi wa Rwanda huweka saini imihigo, yaani mikataba ya utendaji, tangu 2006. Humo huandikwa kilomita za barabara, kaya zenye umeme na mengineyo. Katika wilaya ya mpakani panafaa kuongezwa vipimo vitatu. Kwanza, dakika anazotumia mchuuzi kuvuka na mzigo wake. Pili, gharama yote ya kuvuka kwa mwezi, kuanzia hati hadi ushuru. Tatu, siku ambazo mpaka au saa zake zilibadilishwa bila taarifa ya mapema kwa lugha inayoeleweka pande zote mbili. Wilaya haiwezi kuiamuru Goma, lakini inaweza kuhesabu, na kinachohesabiwa huanza kuzungumzwa na wakubwa.

Kwa upande wa kanda, Congo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini bado haijatekeleza kikamilifu Umoja wa Forodha. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, kilichobuniwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo. Kati ya Gisenyi na Goma, cheti hicho kingefaa kuwa jambo la kawaida kama tiketi ya basi. Vita visitumike kuwa sababu ya kuahirisha mambo ya karatasi, kwani karatasi hizo ndizo zitakazowarudisha watu sokoni bunduki zikinyamaza.

Wachuuzi nao wana kazi yao. Mikutano ya wananchi na mabaraza ya sekta si mahali pa kusikiliza matangazo tu. Ni mahali pa kudai paa la soko, mtaro, na bei ya hati. Chama cha ushirika chenye daftari la hasara za kila siku ambayo mpaka ulifungwa huzungumza kwa sauti kubwa kuliko watu mia wanaolalamika kila mmoja peke yake.

Mgeni wa ziwani aendelee kuja, na apokelewe kwa heshima. Lakini Rubavu ikitaka kujua kama imebadilika kwa kweli, isihesabu taa za ufukweni peke yake. Ipande hadi Mahoko siku ya soko, ihesabu waliouza, waliovuka, na waliorudi jioni na mtaji wa kesho.