Fadhili za Mfalme Hazilishi Imani

Iko hoja inayorudiwa sana miongoni mwetu Wakristo, tena na watu wenye nia njema, kwamba imani bila mkono wa mtawala haifiki mbali. Anayeisema humtaja Konstantino, na akiwa amesoma zaidi humtaja Ashoka wa India. Naikataa hoja hiyo, na nitaikataa kwa India hiyo hiyo.

Baada ya vita vya Kalinga, ambamo kwa maandishi yake mwenyewe watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa, Ashoka aliagiza ichongwe miambani kwamba madhehebu yote yaheshimiwe, wala mtu asiisifu dini yake kwa kuitukana ya mwenzake. Maneno mema, nisingeona haya kuyasema mimbarani. Wala hakuishia kwenye maneno. Ingawa alikuwa Mbudha, kwenye vilima vya Barabar, Bihar, watawa wa Kiajivika walipewa mapango yaliyochongwa katika mwamba mgumu, kuta zikasuguliwa hadi zikang'aa kama kioo. Mjukuu wake Dasharatha akawaongezea mengine jirani. Mapango yapo hata leo. Waajivika hayupo hata mmoja, na katika baadhi ya maandishi ya pale jina lao limekwanguliwa na waliokuja baadaye.

Wajaini nao walipata wafalme. Kharavela wa Kalinga aliandika kwenye pango la Hathigumpha kwamba alirudisha sanamu ya Jina iliyokuwa imechukuliwa na mfalme wa Nanda. Tazameni jambo lenyewe: kitu cha ibada kimehesabiwa pamoja na nyara! Huko Gujarat, karne ya 12, Kumarapala alimsikiliza mwalimu wa Kijaini Hemachandra akapiga marufuku kuchinja wanyama. Alipokufa, mrithi wake Ajayapala, kama waandishi wa Kijaini wanavyosimulia, aliyageukia mahekalu yao akayabomoa.

Hata hivyo Wajaini wapo. Sensa ya India ya 2011 iliwahesabu takriban milioni 4.5. Kwa nini wao? Jumuiya yao tangu kale ina makundi manne: watawa wa kiume, watawa wa kike, waumini wanaume na waumini wanawake. Mtawa hana mali wala jiko. Chakula chake cha leo kinatoka kwa mama wa nyumbani na kwa mfanyabiashara wa sokoni, na waumini wa namna hiyo ndio waliogharamia nakala nyingi za vitabu vyao. Mfalme alipogeuka, majiko hayo hayakuzimika. (Simfundishi mtu Ujaini hapa; tofauti yetu nao juu ya Muumba na juu ya neema ni kubwa mno. Naangalia tu nani aliyelisha.)

Mtu ataniambia, "Mchungaji, Luther mwenyewe alifichwa na mtawala." Kweli, Frederick wa Saxony alimficha Wartburg mwaka 1521. Lakini malizia habari: mwaka 1555, pale Augsburg, ilikubaliwa kwamba dini ya mtawala ndiyo dini ya nchi yake, na mkulima aliyeamini vingine akaachiwa nafasi ya kuuza alicho nacho na kuhama.

Kwa hiyo mzee wa usharika anayetaka tucheleweshe ibada hadi mheshimiwa afike na bahasha yake, anijibu kwanza Waajivika wako wapi.