Samaki wa Tangi Dogo: Uchaguzi Uanzie Kwenye Maji

Watu wengi wanaotaka kufuga samaki wa mapambo, ama nyumbani ama katika darasa la sayansi, huanza kwa kununua chombo kidogo. Sababu zao zaeleweka: chombo kidogo ni cha bei nafuu, hakichukui nafasi, tena huonekana kana kwamba hakina kazi kubwa. Baada ya hapo huchagua samaki kwa macho, yaani kwa rangi zao na mwendo wao, na aghalabu huchagua wengi. Hayapiti majuma mawili kabla samaki hao hawajaanza kupanda juu wakitweta, kisha wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwenye tangi humlaumu muuzaji, au maji ya bomba, au bahati yake mwenyewe. Kwa hakika kosa lilitendeka siku ya kwanza kabisa, pale samaki alipochaguliwa kabla ya maji kutayarishwa.

Hapana budi kuiondoa kwanza dhana kwamba tangi dogo ndilo jepesi kwa anayejifunza. Ukweli ni kinyume chake. Maji machache hupata joto upesi jua linapoingia dirishani, na hupoa upesi usiku. Punje za chakula zilizobaki bila kuliwa, ambazo katika lita 100 za maji zisingeleta madhara makubwa, zikiozea katika chombo cha lita 5 huleta uchafu uliokolea mara 20 zaidi. Tangi kubwa humpa mwenyewe muda wa kuliona kosa na kulisahihisha. Tangi dogo halimpi muda huo. Kwa hiyo anayeanza na tangi dogo ameichagua njia ngumu, na ingefaa aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kutoa fedha zake.

Adui mkubwa katika tangi haonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na katika kinyesi chake, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza amonia hiyo. Amonia ni sumu. Huunguza matamvua, na makali yake huzidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yenye alkali. Mtoni au ziwani sumu hiyo huzimuliwa na wingi wa maji, na wako pia bakteria ambao huibadili. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kazi hii ya viumbe wasioonekana ilithibitika wazi karibu na mwaka 1890, wakati mwanasayansi Sergei Winogradsky alipofaulu kuwatenga bakteria hao na kuwachunguza.

Basi tangi jipya, hata likisuguliwa likametameta, halina bakteria wa kutosha. Huwachukua majuma manne hadi sita hivi kuota juu ya changarawe, juu ya majani ya magugumaji na ndani ya chujio. Mwenye subira hulijaza tangi maji, hupanda magugumaji, kisha hutia chembe chache za chakula cha samaki kila siku ingawa hamna samaki, ili bakteria wapate riziki yao. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa kwanza katika ndoo iliyo wazi kwa muda wa siku nzima, kwani klorini huua bakteria na kuwadhuru samaki. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali ambapo methali hii huonekana kweli kuliko katika tangi la samaki.

Hata waanzilishi wa ufugaji huu walijifunza kiasi. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki-dhahabu wawili wadogo pamoja na magugumaji, na jinsi majani yaliyooza yalivyoyachafua maji mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Jambo la kuzingatia hapa ni ile hesabu ya samaki: wawili tu. Mtu aliyekuwa na elimu ya kemia, tena akiyatazama maji yake kwa makini, hakuanza na samaki kumi.

Baada ya maji kutayarishwa ndipo swali la samaki lipate nafasi yake. Na tuseme tangi lina urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 25, na kina cha maji cha sentimita 20. Hizo ni lita 20, kabla ya kupunguza nafasi ya changarawe. Ni samaki gani awezaye kuishi humo maisha yake yote bila kudhulumiwa?

Samaki-dhahabu, ambaye ndiye huchaguliwa na wengi, hafai hata kidogo. Anapouzwa huwa na urefu wa vidole viwili, lakini yule wa aina ya kawaida aweza kufikia sentimita 20 au zaidi, na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka kumi. Hula sana na huchafua maji sana. Ile bakuli ya kioo ya mviringo, ambayo picha za vitabu vya watoto zimeizoesha kuwa nyumba yake, ni mahali pabaya kupita pote: maji ni machache, na ikijazwa hadi shingoni, uso wa maji unaopokea oksijeni kutoka hewani huwa mwembamba.

Samaki mpiganaji wa Thailand, ajulikanaye kwa jina la kisayansi Betta splendens, anafaa zaidi, lakini kwa masharti. Ana kiungo maalumu kichwani kimwezeshacho kuvuta hewa juu ya maji, na kwa sababu hiyo wauzaji humweka katika kikombe na kusema kwamba yamtosha. Hoja hiyo ni dhaifu. Kuweza kupumua hewa hakumkingi na amonia, wala hakumwondolei haja ya maji yenye joto la nyuzi 24 Selsiasi au zaidi. Katika lita 20 dume mmoja, peke yake, ataishi vizuri; madume wawili watauana.

Gapi, samaki mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani, ni mvumilivu na mchangamfu. Kasoro yake ni wingi. Jike huzaa watoto hai kila baada ya majuma manne hivi, na mimba moja ya mbegu zilizohifadhiwa mwilini yaweza kufuatwa na nyingine bila ya kuonana tena na dume. Anayenunua madume wawili na majike watatu, baada ya miezi michache atakuwa na umati. Mwenye tangi dogo na anunue madume matupu, wanne au watano, wala asizidishe.

Lakini yuko samaki mwingine ambaye wakazi wa Afrika Mashariki humsahau, ingawa wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemthamini kwa miaka mingi. Huyu ni Nothobranchius guentheri wa kisiwa cha Unguja, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893. Urefu wake ni sentimita 5 hivi. Dume ana mng'ao wa kibuluu, magamba yenye kingo nyekundu, na mkia mwekundu wenye pindo jeusi. Jike ni wa rangi ya kijivu isiyo na pambo. Makao yake ni madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Samaki hukua upesi, hutaga mayai katika matope, na dimbwi likauakapo hufa wote. Mayai hubaki hai ndani ya udongo, yakisubiri mvua irudi. Jamaa zake wa karibu wamo katika madimbwi ya Tanzania bara, Kenya na Msumbiji.

Hapa ndipo hoja yenyewe ilipo. Samaki afaaye tangi dogo si yule anayeweza kuvumilia dhiki kwa muda, bali ni yule ambaye maumbile yake yameshazoea maji machache. Dume mmoja na majike wawili wa aina hii, katika lita 20 zilizotayarishwa vyema, hawakosi mahitaji yao. Haisemwi kwamba hawana taabu. Madume hugombana, hivyo wawili hawafai katika tangi hilo. Huruka, hivyo kifuniko ni lazima. Na hupenda chakula kilicho hai kuliko unga mkavu. Hata hivyo viluwiluwi vya mbu si bidhaa adimu katika miji ya pwani. Wala haifai watu waende na nyavu kuyakomba madimbwi, ambayo ni machache na hufukiwa kwa ujenzi. Wapatikane wale waliozalishwa na wafugaji, au kwa ruhusa ya mamlaka zinazohusika, na darasa moja lililofaulu kuyatunza mayai liligawie darasa jingine.

Wapo walimu na wazazi watakaosema kwamba mtoto hawezi kulitazama tangi tupu mwezi mzima, na kwamba samaki akifa, kifo hicho nacho ni somo. Neno hili lastahili kujibiwa kwa makini. Samaki aliyekufa kwa amonia humfundisha mtoto jambo gani? Humfundisha kwamba uhai ni kitu cha kununuliwa, kuharibika na kununuliwa tena, na kwamba sayansi ni bahati nasibu, maana sababu ya kifo hakuiona. Samaki wa dimbwi naye atakufa, pengine baada ya mwaka mmoja tu. Lakini atakufa kwa kutimiza umri wake, na katika udongo unyevu ataacha mayai ambayo mtoto huyo huyo atayatilia maji baada ya miezi kadhaa na kuona uhai ukianza upya. Kifo cha kwanza ni matokeo ya uzembe wa watu wazima. Cha pili ni somo la elimu ya viumbe. Ama ule mwezi wa kungoja, nao una kazi zake: kupima joto la maji kila asubuhi, kuandika daftarini jani jipya linapochipua, kuhesabu konokono. Samaki mkunje angali mbichi, na subira ya mwanasayansi hukunjwa utotoni.

Jambo la mwisho linahusu watu wengi kuliko mwenye tangi. Mfugaji aliyechoka, au aliyezidiwa na gapi wake, mara nyingi hudhani kuwa anawatendea wema akiwamwaga mtoni. Afrika Mashariki imekwisha kuonja uchungu wa samaki wageni. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na ijapokuwa ameleta biashara kubwa, ni miongoni mwa sababu kuu za kupotea kwa aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa hawapatikani mahali pengine popote duniani. Gapi si sangara, lakini mlango wapitiao ni mmoja. Hata samaki wa dimbwi moja asihamishiwe dimbwi jingine, kwani kila bonde laweza kuwa na aina yake.

Kwa hiyo anayetaka tangi dogo na ajiulize maswali kwa mpangilio huu: maji ni lita ngapi, yametayarishwa kwa majuma mangapi, samaki atakuwa na urefu gani akikomaa, na wakizidi watakwenda wapi. Rangi iwe swali la mwisho. Akiyajibu yote na bado akaona nafasi ya samaki watatu tu, basi na aweke watatu.