Kabla ya kununua roboti, rekebisheni choo (UZI)

1/ Kila zikizunguka zile video za roboti zinazohudumia wazee Japani, napata ujumbe ule ule: "Nesi, si mlete hizi, maana ninyi hamtoshi?" Leo najibu kwa urefu. Shukeni nami.

2/ Kwanza, mimi siogopi mashine. Aliyewahi kumgeuza mgonjwa mzito kitandani usiku kucha, wako wawili tu wodi nzima, hawezi kuchukia kitu cha kumsaidia kunyanyua. Ninachokipinga ni kununua mashine leo, halafu kesho ndo tunaanza kuulizana itapita wapi.

3/ Tuelewane kuhusu mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya 60% wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Sio uzee, na sio kurogwa. Na haumsahaulishi mtu majina tu. Macho yanaona, ubongo unatafsiri vingine. Sakafu inayong'aa anaweza kuiona maji. Zulia jeusi mlangoni anaweza kuliona shimo. Kwenye kioo anaona mgeni kaingia chumbani.

4/ Sasa mwingizie roboti humo. Mashine ya magurudumu inataka sakafu tambarare, isiyo na kizingiti. Sawa, hata bibi mwenye fremu ya kutembelea anaitaka hiyo hiyo. Lakini fundi akikuwekea vigae vya kung'aa kama lobi ya hoteli, mashine itapita na bibi atagoma mlangoni. Mtasema ana ukaidi. Hana ukaidi, anaona maji. Sakafu tambarare isiyong'aa, yenye rangi moja, inawafaa wote wawili. Nani alimuuliza nesi kabla ya kuagiza vigae?

5/ Mtaniambia Japani wameweza. Zaidi ya robo ya Wajapani wana miaka 65 na kuendelea, na serikali yao imemwaga hela nyingi kwenye roboti za kulea wazee. Mtafiti James Wright alienda kukaa kwenye makao ya wazee huko na kuziangalia zikifanya kazi. Kitabu chake cha 2023 kinaitwa Robots Won't Save Japan. Jina tu linatosha.

6/ Roboti ya kunyanyulia, Hug, wahudumu waliiacha baada ya siku chache. Kisa? Kuisukuma kutoka chumba hadi chumba kulikuwa mzigo na kulikula muda. Pepper, ile yenye umbo la mtu, iliongoza mazoezi, lakini mhudumu alilazimika kusimama pembeni yake akirudia mazoezi yale yale ili wazee wafuate. Yaani mashine moja, na mtu yule yule bado yupo.

7/ Halafu kuna Paro, mdoli wa mtoto wa sili, mwenye manyoya, anayeitikia akiguswa. Nchini Marekani alipitishwa kama kifaa tiba mwaka 2009. Wapo wazee anaowatuliza kweli, sikatai. Lakini Wright anaeleza mkazi mmoja aliyejaribu kumchuna yale manyoya, na mwingine aliyekataa kula wala kulala bila Paro pembeni. Nani alisimamia hayo yote? Mhudumu. Nani alizisafisha hizo mashine, akaziwasha, akaeleza upya kila siku ni kitu gani, akazirudisha stoo? Mhudumu huyo huyo.

8/ Kwa hiyo anayeniambia roboti itapunguza wauguzi, naomba anionyeshe hiyo kazi mpya kaiandika kwenye zamu ya nani. Kama haipo kwenye ratiba, imeangukia kwa binti mmoja wa zamu ya usiku mwenye wazee kibao.

9/ Mnataka jengo linalofaa? Anzeni hapa. Choo kionekane kutoka kitandani, na kiti chake kiwe na rangi tofauti na ukuta. Taa ya usiku ya kumwongoza. Picha yake ya ujana mlangoni, maana anaweza asiitambue sura yake ya leo. Pembeni ya kitanda pawe na nafasi ya kugeuza kifaa bila kuhamisha kabati. Chaja ikae kwenye kona yake, waya usikatize njia. Kelele ziwe chache. Tivii, kengele na mashine vikiongea pamoja, mzee anachanganyikiwa na mnamwita mkorofi.

10/ Na lugha je? Mwenye demensia anaweza kurudi kwenye lugha ya utotoni. Babu wa Kimakonde aliyejifunza Kiswahili ukubwani, mashine inamsalimia Kiingereza. Hata shikamoo hakuna! Kamera nazo: mashine inayomfuata mzee inaona anapobadilishwa nguo. Video inaenda wapi, nani anaitazama, nani aliridhia? Kusahau hakumwondolei mtu aibu wala haki.

11/ Uholanzi, mji wa Weesp, kuna Hogeweyk, kijiji cha watu wenye demensia kilichofunguliwa 2009. Wanaishi nyumba za watu wachache, wana duka lao, mgahawa, bustani, na wanatembea nje wakiwa salama. Huko walianza na swali la mtu huyu anaishije, ndipo wakajenga. Ni gharama, ndiyo, na kuna wafanyakazi wengi. Huo ndo ukweli wasioutaka wanaotafuta njia ya mkato.

12/ Kwetu wazee wengi wanalelewa nyumbani, mara nyingi na binti au mkamwana asiyelipwa hata senti. Kumuwekea taa ya usiku, kumtolea kizingiti na kumpaka rangi mlango wa choo hakusubiri Japani. Na ninyi wenye mafungu: kabla ya kusaini kununua mashine yoyote, njooni mkae zamu moja ya usiku. Viti tunavyo.