Bunia: barafu tamu inapatikana wapi, na kwa nini si kila mahali

Msimu wa joto ukifika Bunia, watoto hawaulizi habari za siasa. Wanauliza pesa ya barafu. Na mzazi anayetafuta kitu cha baridi kwa ajili ya watoto wake mjini hapa atagundua haraka kwamba swali lake dogo linagusa mambo yale yale yanayojadiliwa katika mikutano ya usalama: umeme wa Budana, barabara ya Mahagi, ng'ombe wa Djugu na maji ya bomba.

Kwanza tuelewane juu ya msimu wenyewe. Vitabu vya shule vya Kifaransa vinatufundisha kwamba majira ya joto ni Julai na Agosti. Huko ni Ulaya. Bunia iko kaskazini kidogo ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita karibu 1,275, na Agosti mara nyingi ni mvua na matope. Jua kali la kwetu ni la Desemba hadi Februari, kiangazi kinapokausha visima na vumbi kutawala barabara. Vakansi kubwa za wanafunzi haziangukii kwenye joto, na joto linaangukia siku za masomo. Ndiyo maana soko kubwa la barafu mjini ni mlango wa shule, saa ya mapumziko na saa sita watoto wanapotoka.

Pale mlangoni utakuta wamama wenye masanduku ya plastiki yaliyofungwa vitambaa ili baridi isitoroke. Ndani mna sashe ndogo za maji ya matunda yaliyogandishwa: maracuja, nanasi, bisapu, tangawizi, au sukari na rangi tu. Mtoto anang'ata pembe ya sashe na kufyonza. Bei yake inafuata noti iliyopo mfukoni kuliko hesabu ya gharama, kwa sababu noti ndogo za franka zimechakaa na wauzaji wengi wanazikataa. Sukari ikipanda, mama hawezi kuongeza franka 30 au 40, kwani hakuna atakayezilipa. Anapunguza ujazo wa sashe. Watoto wanaona, na wanalalamika, lakini wananunua.

Krem yenyewe, ile ya maziwa ambayo majirani wa Uganda huita aiskrimu, ni habari nyingine. Hiyo utaitafuta katikati ya mji, upande wa Boulevard de Libération, kwenye maduka ya vyakula na mikahawa yenye jenereta yake. Huko mteja si mtoto wa shule. Ni mfanyakazi wa shirika, mfanyabiashara wa dhahabu, familia inayotoka kanisani Jumapili. Kwa miaka mingi tangu 2003, wakati askari wa kimataifa na baadaye mashirika ya misaada walipojaa mjini, sehemu ya biashara ya namna hiyo imetegemea watu wanaolipwa kwa dola. Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi, na mishahara hiyo ndiyo iliyokuwa inanunua krem.

Kwa nini sashe iko kila kona na krem iko sehemu chache? Jibu liko katika kugandisha kwenyewe. Maji yenye sukari kidogo huganda vizuri hata katika kongelateri dhaifu, na umeme ukikatika saa kadhaa, sashe zilizobanana hubaki ngumu kwa muda. Krem ina mafuta ya maziwa, hewa na sukari nyingi, na sukari huzuia kuganda. Ili ikae sawa inataka baridi ya karibu digrii 18 chini ya sifuri, mchana na usiku. Umeme ukikatika jioni, asubuhi unakuta supu. Ukiigandisha tena, inarudi ikiwa na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi, na kama ilikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu tayari vimepata nafasi ya kuzaliana. Mnunuzi anaweza kuikagua kwa macho: krem iliyobonyea upande mmoja wa kopo, au yenye theluji juu ya mfuniko, iliyeyuka njiani.

Hapo ndipo Budana inapoingia. Kituo hicho cha mto Shari, katika wilaya ya Djugu, kilijengwa wakati wa ukoloni ili kuendesha migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Bunia iliunganishwa na mtambo uliofikiriwa kwa ajili ya mashimo ya dhahabu, si kwa ajili ya mji mkuu wa jimbo ambalo tangu vita vya Djugu vianze upya mwishoni mwa 2017 limepokea wimbi baada ya wimbi la wakimbizi wa ndani. Mashine ni za zamani, watumiaji wameongezeka, na nyaya zinapita katika eneo ambalo makundi yenye silaha yamelitesa miaka yote hii. Mama wa sashe hupanga kazi yake kwa kufuata umeme: anajaza kongelateri usiku ukiwepo, anaomba Mungu usikatike kabla ya alfajiri. Mwenye jenereta naye anapiga hesabu ya mafuta, na mafuta yanatoka mashariki kwa magari yanayopita barabara zisizo na uhakika.

Maziwa ndiyo yanayouma zaidi. Ituri ni nchi ya ng'ombe. Milima ya Djugu na nyanda za Irumu zina malisho ambayo miji mingi ya Kongo ingeyatamani. Lakini mashambulizi ya CODECO na makundi mengine yameua wachungaji, yameteka mifugo na kuwafukuza wenye mifugo hadi kwenye kambi kama Kigonze, hapa hapa Bunia. Mtu aliyekuwa anakamua asubuhi sasa anapanga foleni ya unga. Hivyo sehemu ya krem na yaurti za Bunia inatengenezwa kwa maziwa ya unga au ya boksi yaliyovuka mpaka kutoka Uganda kupitia Mahagi au Aru. Tunanunua kwa dola kitu ambacho majani yetu yanaweza kukitoa bure, na hili halizungumzwi vya kutosha katika hotuba za kujiunga kwetu na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Soko lilifunguliwa pande zote mbili kwenye karatasi. Kwenye maziwa, njia ni ya upande mmoja.

Goma inaonyesha kwamba si lazima iwe hivi. Kabla ya M23 kuiteka Januari 2025, mji ule ulikuwa na umeme wa maji wa Matebe, na mtambo wa jua wa Nuru uliofunguliwa mwaka 2020, na Masisi iliyokuwa bado inatuma maziwa na jibini licha ya shida zake. Ukienda mbali zaidi, Dar es Salaam, krem ya Azam inauzwa mitaani kwa baiskeli zenye sanduku la baridi, hadi vichochoroni. Baiskeli ile inawezekana kwa sababu nyuma yake kuna kiwanda, stoo baridi na umeme wa kutosha.

Kwa mzazi wa Bunia, basi, ushauri wangu ni huu: kwa maziwa, tafuta yaurti kuliko krem. Yaurti inahitaji kupoa tu, si kuganda, na uchachu wake huwapa vijidudu vingi shida ya kuzaliana. Nunua kwa mtu anayetengeneza kidogo na kumaliza siku ile ile. Isipomalizika, muulize aliihifadhi wapi.

Na kwa sashe, swali kubwa si barafu, ni maji. Watu wengi wanaamini baridi inaua vijidudu. Haiui. Kijidudu cha kipindupindu kinaweza kuvumilia ndani ya barafu na kuamka kinywani mwa mtoto, na cha homa ya tumbo vivyo hivyo. Kwenye fukwe za Ziwa Albert, Kasenyi na Tchomia, kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na watu na samaki wanapanda kutoka huko kuja Bunia kila siku. Maji ya Regideso hayafiki kila nyumba, na kiangazi ndicho wakati ambapo vyanzo vinapungua na watu wanachota popote. Joto linapoongeza hamu ya barafu, ndipo maji ya kuitengeneza yanapokuwa mabaya zaidi.

Muuzaji aliyechemsha maji yake, au aliyeyatia dawa ya klorini na kusubiri nusu saa, hana sababu ya kuficha. Muulize. Angalia pia mikono inayofunga sashe. Mji huu ulijifunza kunawa wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, na ndoo zile za bomba bado ziko katika nyumba nyingi, zimewekwa nguo. Kuhusu vipande vya barafu vinavyowekwa ndani ya glasi ya soda, jihadhari zaidi: barafu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupoza samaki au chupa haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa.

Serikali, kwa upande wake, ina sheria juu ya sashe zenyewe. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko na vifungashio vya plastiki nchini kote. Ikitekelezwa kesho asubuhi Bunia, mifereji itapumua, na mamia ya wamama wataamka bila kazi, wengi wao waliokimbia vijiji vyao. Ndiyo maana hakuna anayeitekeleza kwa uzito, na mifereji inaendelea kuziba. Njia ya kati ipo: vikombe vinavyorudishwa na kuoshwa, kama wauzaji wa bushera wanavyofanya upande wa Uganda. Lakini kuosha vikombe kunataka maji safi, na tumesharudi kwenye bomba.

Ofisi za jimbo, chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hupima maendeleo kwa idadi ya vijiji vilivyokombolewa na kilomita za barabara zilizofunguliwa. Ningependa waongeze kipimo kimoja rahisi: sehemu moja sokoni, yenye mitambo ya jua na maji yaliyotibiwa, ambapo mama anaweza kukodi nafasi ya kugandishia kwa usiku mmoja. Vituo vya afya tayari vinahifadhi chanjo kwa friji za jua, kwa hiyo ufundi haukosi. Kinachokosa ni mtu ofisini anayeamini kwamba biashara ya sashe ni biashara.