Akiolojia kwa simu? Poa, lakini mwiko utashikia wapi?

Wiki hii tuyaache kidogo ya nani kamwacha nani. Nina kisa cha mshikaji wangu wa Mabatini, anayeuza makava ya simu pale Makoroboi.

Jumapili kanivaa kijiweni, macho kodo. "Kaka, nimepata chuo Ulaya! Nasoma akiolojia hapahapa kwenye simu." Washikaji wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama atafufua wafu. Mama yake naye alishika tama: "Mwanangu, hela ya pikipiki ukajifunzie kuchimba makaburi?"

Mimi sikucheka. Jamaa ana sababu yake. Mwaka jana walikuwa wanachimba shimo la choo kijijini kwao, kando ya ziwa. Jembe likatoa vigae vya chungu vyenye nakshi ambazo hata bibi yake hakuwahi kuziona. Mafundi wakavitupa kwenye kifusi. Yeye akaokota kimoja, akakitia mfukoni, na tangu siku hiyo usingizi hana.

Sasa mnaocheka, sikilizeni. Kuzunguka ziwa hili waliishi mafundi wa vyungu na chuma takriban miaka 2,000 iliyopita. Wataalamu huviita vyungu vyao Urewe, jina la mahali huko Nyanza, Kenya. Mwanza nayo ilishapitiwa: mwaka 1969 Soper na Golden walichapisha taarifa ya uchunguzi wa mambo ya kale ya mkoa huu katika jarida la Azania. Ng'ambo ya ziwa, Katuruka karibu na Bukoba, Peter Schmidt alichimba mabaki ya wafua chuma wa kale baada ya kuwasikiliza wazee wa Kihaya na simulizi zao. Kwa hiyo jamaa haoti. Kama kigae chake ni cha enzi hizo, hilo waseme wenye fani.

Swali ni moja tu: fani hii inasomeka kwa masafa?

Jibu langu: nusu yake, ndiyo. Historia, majina ya zama, jinsi mkaa unavyopimwa kujua umri wake, hayo yote unayapata ukiwa umelala kitandani Mabatini. Kusoma mbali na darasa si uhuni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Mwanza kina kituo. Leicester ya Uingereza nayo imefundisha akiolojia kwa masafa miaka mingi.

Nusu ya pili iko ardhini. Udongo una tabaka, na rangi ya tabaka huijui mpaka upige magoti, ushike mwiko na uukwangue polepole. Simu haikuonyeshi hilo, sawa na kujifunza kuogelea ukiwa juu ya godoro. Mary Leakey hakuwa na shahada ya kuisomea, lakini mikono yake ilikuwa shimoni: mwaka 1948 alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, ndani ya ziwa letu hilihili, na mwaka 1959 akapata la Zinjanthropus kule Olduvai. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1984 ndiye aliyekiona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana.

Basi kabla hujatuma hela, uliza maswali matatu. Kwanza, cheti hicho Tume ya Vyuo Vikuu itakitambua? Pili, mazoezi ya shimoni nitayafanyia wapi, na nani atanisimamia? Tatu, nikikwama namuuliza nani? Jamaa aliuliza. La pili halikujibiwa. Akaambiwa tu alipe haraka, nafasi zinaisha. Hapo mjini shule: anayekuharakisha kulipa kaitamani pochi yako kuliko akili yako.

Na wewe uliyesisimka, tafadhali usikimbilie jembe! Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunataka leseni. Ukikuta kitu, kiache palepale, piga picha, toa taarifa. Kigae kilichong'olewa bila kuandikwa kilikotoka ni sawa na ukurasa uliochanwa kitabuni: unausoma, ila hujui kisa gani.

Hilo ndilo lililomuuma mshikaji wangu kuliko ada. Vile vigae vingine vilikwishamwagwa na kifusi barabarani.

Alhamisi alikwenda na kigae chake kwa afisa utamaduni wa wilaya, akachora na ramani ya shimo la choo. Hela bado anayo. Ameanza masomo ya bure mtandaoni, na anaulizia nafasi Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu kinafundisha akiolojia tangu 1985. Mwezi ujao anapanda kwenda Bukoba kuiona Katuruka kwa macho yake.

Mama bado amenuna. Ila juzi, jamaa ananiambia, alimkuta kaangalia kwa makini vigae vya chungu kilichovunjika jikoni. Eti, "Mwanangu, na hivi navyo nivitunze?"

Tukutane wiki ijayo. Msichimbe!